Tulivyokwenda Jericho Kumposea Mghanga

Wenzangu wa kikundi cha Jumatano mmeniuliza mara nyingi safari ya Nairobi ilikuwaje, na kila nikianza kusimulia mtu ananikata kwa swali. Basi nimeona niandike, niwasomee mara moja, na maswali mkae nayo mpaka nimalize.

Sababu ya safari mnaijua. Mghanga, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajui kufunga viatu, alipata mchumba. Msichana anaitwa Nafula, kazi yake ni maabara katika hospitali moja huko Nairobi, na walijuana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Wazee wake wakasema kama kijana ana watu, watu hao waje wapige hodi. Mghanga akanipigia simu kunipa habari, kisha akaniomba jambo moja: kuhusu kazi yake tuseme ameajiriwa na serikali, na tukome hapo. Nikamwambia, mwanangu, sisi hatujui lolote zaidi ya hilo, tutasema nini kingine? Akacheka.

Na kweli hatukujua. Miaka yote tangu aajiriwe, ukimuuliza anajibu, "Wizarani." Wizara gani, hasemi. Alisomea uhasibu, hilo tulijua, na sukari ya Krismasi ilikuwa ikifika. Lakini Mwandoe, kaka yangu mdogo, ambaye ulimi wake hauna breki, alikuwa ameshatangaza Wundanyi nzima kwamba kijana yuko Hazina na pesa za nchi hazitoki bila yeye kujua. Huyo ndiye msemaji tuliyekuwa naye, maana wanaume wa ukoo wetu wamebaki wachache, na mwanamke haendi kuposa bila mwanamume wa kumtanguliza hata kama anayejua kusema ni yeye.

Voi tulipanda treni asubuhi. Mwandoe alikuwa na koti lake la sherehe, mimi nilikuwa na blanketi mbili, leso, majani ya chai na mfuko wa makadamia. Njia nzima ya Tsavo alinifanyia mazoezi ya hotuba yake. Abiria wa kiti cha mbele alihama. Mimi nilitazama nyasi kavu nikawaza kuwa tangu kaka afe hii ndiyo mara ya kwanza ninakwenda mahali kwa ajili ya furaha.

Syokimau, mchana, Mghanga alikuwa akitungoja. Amekonda. Alinishika mikono yote miwili kama anavyofanya siku zote, akabeba blanketi, akatutia kwenye teksi mpaka anakokaa.

Kware ni mahali pa kuonwa. Magorofa yamebanana kiasi kwamba mtu akikohoa kwenye jengo hili, wa jengo la pili anamwambia pole. Nguo zimeanikwa kila roshani, madumu ya maji yamepangwa kwenye ngazi, na ngazi zenyewe mchana wa saa tisa unahitaji tochi. Tulipofika mlangoni, kijana anayesimamia ploti ile akamwambia Mghanga, "Niaje, Mwalimu. Hawa ndio wazazi?" Nikashangaa. Orofa ya pili mwanamke mmoja akamuuliza kama kampuni yake ya dawa imeleta ile ya kikohozi cha watoto. Tukapanda tena. Muuza duka la orofa ya tatu akamwita fundi, akamkumbusha friji.

Chumba chake kilikuwa kisafi kupita kiasi. Sufuria moja, haijaungua chini. Kitanda, meza, kiti. Hapakuwa na picha wala kalenda. Mimi nimeingia nyumba za makapera wengi, na nyingi zinanuka soksi, lakini zinaonyesha mtu anaishi humo. Hii haikuonyesha.

Chini ya jengo, ng'ambo ya njia, palikuwa na fundi wa nguo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kifungo cha koti la Mwandoe kilikuwa kimeng'oka kwenye treni, tukampelekea. Alishona polepole sana kwa kifungo kimoja. Aliuliza tunatoka wapi, tumefikia kwa nani, na huyo kijana wetu anafanya kazi gani kweli. Kabla sijafungua mdomo, Mwandoe akamjibu yote, pamoja na Hazina. Yule mama akakata uzi kwa meno, akakataa malipo. Nilimwona mtu mwema.

Jioni hiyo Mwandoe alishuka kutafuta nyama ya kuchoma, nami nikabaki na mtoto wangu. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Mghanga, wewe ni mwizi?"

Akasema, "Hapana, Shangazi."

Nikamwambia basi aseme, kwa sababu siwezi kukaa mbele ya wakwe nikimwombea mke mtu ambaye mimi mwenyewe simjui. Akavuta kiti karibu yangu, akaanza kueleza, na alieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma. Yuko kwenye kitengo kidogo cha serikali ambacho hakina kibao mlangoni. Simu wanaziacha nje. Hata wa meza ya pili haambiwi wa meza ya kwanza anafanya nini. Kazi yao ni kufuata pesa za magaidi: nani ametuma, nani amepokea, zimepita kwa wakala gani, zimeishia wapi. Si milioni kama nilivyodhani. Ni pesa ndogo ndogo, kwenye simu za watu wa kawaida, na mtu anakaa akizitazama mpaka zimpe maana. Akiona laini ya simu haieleweki, anaipigia mstari na kuipeleka mbele. Kuhusu majirani, alisema ni makosa yake ya mwanzo. Kila aliyemuuliza alimjibu lililomjia mdomoni, na sasa hawezi kurudi nyuma.

"Kuna mabomu hayakulipuka, Shangazi," aliniambia. "Na watu waliokuwa wafe wanapika chakula cha jioni sasa hivi, hawajui."

Nilimwamini, na hata sasa ninamwamini. Nilijisikia fahari, niseme ukweli, nikatamani wakwe wangeruhusiwa kusikia. Niliona kabisa kwamba tatizo letu ni moja tu, kuwa habari nzuri haisemeki.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Jericho. Ni mtaa wa zamani wa halmashauri, nyumba fupi zimekaa kwa mistari, ua wa miti ya kayaba umekatwa vizuri, kamba za nguo katikati, soko dogo hapo karibu na maduka ambayo wenye maduka wanajua watoto wa wateja kwa majina. Baada ya Kware nilihisi kama nimevuliwa kiatu kinachobana. Baba yake Nafula, Mzee Wekesa, alikuwa fundi wa karakana ya reli mpaka alipostaafu. Ni mrefu, mtaratibu, na anaongea Kiswahili cha kizamani cha watu wa reli. Watu wao ni wa Bungoma, lakini watoto wote walizaliwa hapo hapo Jericho. Mkewe alifariki. Kwenye kochi, pembeni yake, alikuwa amekaa dada yake, Senge wa watoto, yaani shangazi yao. Nilipomtazama vizuri nikaona miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mwandoe naye aliiona. Akaanza kushikashika kile kifungo cha koti.

Hata hivyo tulipokewa kwa heshima. Chai ililetwa, mandazi yakaletwa, na kutoka jikoni nilisikia harufu ya kuku. Kwa Waluhya kuku ndiye neno lenyewe; mkwe akichinjiwa kuku na akamla, mambo mengi yameshasemwa. Nafula alipita na trei, ameinamisha kichwa, na alipomfikia Mghanga alitabasamu kidogo. Nikampenda papo hapo.

Mwandoe akajikaza akaanza. Tumekuja kupiga hodi, tumeona ua katika shamba lenu, na mengine ya namna hiyo. Mzee Wekesa alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akauliza kijana anafanya kazi gani. Mwandoe akasema ameajiriwa na serikali. Mzee akauliza kazi gani serikalini. Mwandoe akanitazama. Ndipo Senge akaweka kikombe chini.

Alisema hana ugomvi na wageni, lakini tangu Nafula alete jina la huyu kijana, yeye amemwangalia kutoka kwa cherehani yake kule Kware, kwa sababu hiyo ni kazi ya senge. Kwa msimamizi wa ploti ni mwalimu. Kwa jirani ni wa dawa. Kwa duka ni fundi wa friji. Kwa baba yake mdogo ni wa Hazina. Mtu ana kazi nne na hakuna aliyewahi kumwona akifanya hata moja. Basi alikwenda kwa chifu akaripoti kwamba kuna mtu hapo haeleweki.

"Nikangoja," alisema. "Mwezi ukaisha. Hakuna mtu amekuja kumuuliza hata jina. Huku kwetu kijana wa kawaida akiripotiwa hivyo, halali kwake. Huyu analala. Ndio nikajua yeye ni wa nani."

Nikaona sasa tumeokoka. Wameshajua ni wa serikali, siri si siri tena, watafurahi. Nikatazama sura zao nikitafuta hiyo furaha. Haikuwepo.

Mzee Wekesa akasema taratibu, "Angekuwa mwizi, ningemwambia aache wizi, halafu tuongee."

Kisha akatueleza habari ya mwanawe Barasa, kaka yake Nafula. Mghanga alikuwa ameambiwa tu kwamba alipotea, maana hivyo ndivyo wanavyosema wakiwa na mtu wasiyemwamini bado. Barasa alitengeneza simu kwenye soko la Jericho. Laini aliyotumia ilikuwa ya mama yake, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama zamani Barasa akiwa bado hajapata chake, na mama alipofariki aliendelea nayo. Sasa mnajua mikopo ya simu. Ukiwa na deni, pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako inamezwa kabla hujaiona. Akina mama wa soko walikuwa na madeni hayo, kwa hiyo wakiwa na pesa za kupokea, waliwaambia watu wao, tuma kwa ile ya Barasa. Zinaingia, anawatolea papo hapo, wananunua sukuma wiki. Nusu ya soko ilipokelea hapo. Alifanya bure, kwa sababu wengi walikuwa marafiki wa mama yake.

Siku moja mchana watu wasiovaa sare wakamchukua kutoka kibandani, wakamtia kwenye gari lisilo na nambari. Soko zima liliona. Mzee amekwenda kila kituo cha polisi na kila chumba cha maiti. Wamepeleka kesi mahakamani, na kila ofisi inajibu kwamba haimjui mtu huyo.

"Ng'ombe sitaki," Mzee Wekesa alimwambia Mghanga. "Mimi nataka kujua nani alipeleka laini ya marehemu mke wangu kwa wale watu. Ukiweza kuniambia hilo, utarudi hapa tuongee mengine."

Mghanga akasema atajaribu. Alisema vizuri, kwa adabu. Lakini nilimwona akishika sikio lake la kushoto, na mimi ndiye niliyemlea. Alikuwa akishika sikio hilo tangu utotoni, kila nilipouliza nani amevunja kitu na yeye anamjua aliyevunja.

Tuliaga. Kuku hakuletwa. Nafula hakutoka jikoni.

Sokoni Jericho, karibu na wauza nyanya, nilisimama nikamshika mkono. Nikamwambia, "Unajua."

Akasema, "Ni mimi, Shangazi."

Alieleza akitazama chini. Iliwahi kupita mezani kwake laini ya mwanamke aliyekwisha kufa. Marehemu anapokea pesa kutoka kwa watu wengi wasiojuana, pesa ndogo ndogo, na zote zinatolewa saa hiyo hiyo. Alivyofundishwa, hiyo ni alama kubwa kuliko zote. Aliipigia mstari, akaipeleka mbele, na wakubwa wake wakamsifu. Alidhani mtu ataitwa aulizwe. Jina lililokuwa pale lilikuwa la kitambulisho, na huko Jericho mama yule aliitwa Mama Barasa tu, hata Nafula hakuwahi kumtaja mbele yake kwa jina lingine. Hakuna mahali majina hayo mawili yalikutana mpaka asubuhi ile, mzee aliposema laini ya marehemu.

Mwandoe alisema twende zetu. Alisema hiyo ni siri ya kazi, hakuna atakayejua, msichana atapatikana mwingine, na Mghanga akifungua mdomo atapoteza kazi, huenda na yeye mwenyewe akafungwa. Na hayo yote yalikuwa kweli. Muuza nyanya alituuliza kama tunanunua au tumesimama tu. Nilinunua za kutosha mboga moja, nikapata muda wa kufikiri, ila sikupata la kufikiri. Niliumia. Nilimtazama mtoto yule niliyemlea nikamwonea huruma, na papo hapo nikamwona moyoni Senge kwenye cherehani yake.

Nikamwambia, "Mimi sitakusukuma wala sitakuzuia. Lakini nyumbani kwangu usije na hili bila wao kulijua."

Akageuka kurudi. Nikamfuata. Mwandoe alibaki sokoni na nyanya.

Tulimkuta Mzee Wekesa amekaa palepale. Mghanga hakukaa. Alisema yote, kuanzia laini ya marehemu mpaka kusifiwa. Nafula alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akifuta mikono, na aliendelea kuifuta hata ilipokauka.

"Ulijua lini?" akamuuliza.

"Leo. Baba alipoitaja."

Mzee akauliza, "Yuko hai?"

"Sijui, Baba. Sisi tunapeleka tu. Baada ya hapo hatuambiwi kitu."

Senge akasimama. Nilidhani atampiga, na nisingemzuia. Lakini alikuja kwangu, akanisogelea karibu sana. "Wewe wako umekuja naye," akasema. "Wangu niletee hata shati lake."

Nilisema pole, na ninyi mnajua pole ni neno dogo kiasi gani mahali kama pale.

Mzee Wekesa akauliza, "Ulipeleka kwa nani?" Mghanga akamtajia. Mzee akauliza kama anaweza kuyasema hayo mbele ya hakimu, na kijana akajibu kwamba atayasema. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akatuambia, "Nendeni salama." Hakutushika mkono.

Kesho yake tulirudi kwa treni, Mwandoe na mimi. Mghanga alibaki kumwona wakili wa akina Wekesa. Njia nzima Mwandoe hakusema kitu, na mnaomjua mnajua uzito wa jambo hilo. Voi tulinunua machungwa, tukapanda mlima, nikalala siku mbili.

Yaliyofuata mmeyaona wenyewe. Mghanga aliandikisha ushahidi wake, akasimamishwa kazi, na sasa yuko hapa kwangu akipalilia kabichi vibaya. Kuna watu mnaosema amesaliti serikali, na wengine mnasema alikuwa muuaji. Niliyojifunza katika safari hii ni machache. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kufanya kazi njema kwa moyo safi na bado mwenzake akalia kwa sababu yake, na kwamba kutojua hakumrudishi mtoto wa mwenzio nyumbani. Vilevile, watu wa Jericho hawawaogopi watu wa serikali kwa ujinga. Ningekuwa wao, ningeogopa vivyo hivyo.

Mnauliza kama tulipewa mke. Hatukupewa.

Ila juzi, nikichambua mboga, simu yangu ililia. Alikuwa Nafula. Hakumpigia yeye, alinipigia mimi. Alinisalimia, akauliza mvua, akauliza miguu yangu. Kisha akauliza, "Shangazi, anakula?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hali chakula cha maana, na usiku namsikia akitembea. Halafu akasema kesi inatajwa mwezi ujao, kwa hiyo nimwambie aje mapema, avae shati jeupe, na asitafute mahali pa kukaa akifika mahakamani.

"Baba amesema atakaa upande wetu," akasema.